Gavana aliyekosa jibu mbele ya Mfalme

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba mwaka 1916 gavana wa mkoa wa Okayama, Japani, aliulizwa swali na Mfalme wake akakosa la kujibu. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyoihangaikia wiki mbili. Kwa hiyo ukurasa wa leo wote ni wa Japani, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu Kenya gavana tunampigia kura, na asipotufaa tunamsubiri miaka mitano. Hao magavana wa Japani walichaguliwa na nani? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawakuchaguliwa na mwananchi hata mmoja. Neno "gavana" nalitumia kwa sababu ndilo lililozoeleka kwa Kijapani *chiji*, lakini ukitaka kumwona vizuri, waulize jirani zako wa Tanzania habari za mkuu wa mkoa: mtu anayeteuliwa kutoka juu, anayefika na barua yake ya uteuzi, na anayeweza kuondoka kwa barua nyingine.

Mambo yalianza mwaka 1871. Kabla ya hapo Japani ilikuwa imegawanyika katika himaya za mabwana wa kurithi, kila bwana na ngome yake, askari wake na ghala lake la mpunga. Serikali mpya ya Mfalme Meiji ilizifuta himaya zote kwa amri moja, ikawaita mabwana wakaishi Tokyo, na kule walikotoka ikapeleka watu wake. Miaka miwili baadaye ikaundwa Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Ōkubo Toshimichi, na magavana wote wakawa watoto wa wizara hiyo. Kufikia 1888 ramani ilikuwa imetulia: Tokyo, Osaka na Kyoto zenye hadhi ya pekee, mikoa 43, na kisiwa cha Hokkaido chenye mkuu wake. Jumla 47, na hesabu hiyo ndiyo iliyopo mpaka leo.

Kwenye karatasi gavana aliteuliwa na Mfalme. Kwa kweli jina lake lilitoka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Na alikuwa na mkono mrefu: shule, barabara, madaraja, kingo za mito, vita dhidi ya kipindupindu, na polisi wa mkoa wote walikuwa chini yake, isipokuwa Tokyo, ambako polisi walikuwa na mkuu wao. Mabaraza ya mikoa yalikuwepo tangu 1879, yamechaguliwa na walipa kodi wenye uwezo, na mara nyingi yalibishana naye hasa juu ya bajeti. Lakini baraza likikataa bajeti, gavana aliweza kuipitisha kwa idhini ya waziri.

Wale wa mwanzo wengi walikuwa samurai wa zamani waliopigania serikali mpya. Kuanzia 1894 ukaja mtihani mgumu wa utumishi wa juu, na taratibu viti hivyo vikaingiwa na vijana waliosoma sheria Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Hawa walihamishwa kama kete za bao. Huyo wa Okayama mnayeniuliza, Kasai Shin'ichi, alitawala Iwate kwenye theluji ya kaskazini, akaenda Shizuoka, akaja Okayama, akamalizia Hokkaido. Na yeye alibahatika kukaa. Wengi walihamishwa kabla hawajajua njia za mkoa wao vizuri.

Ndipo siasa za vyama zilipoingia. Hara Takashi, mwanasiasa wa chama cha Seiyūkai, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1906 alianza kuwapumzisha wazee na kuwapandisha vijana wa mtihani, na vijana hao walijua fadhila hiyo imetoka chama gani. Miaka ya 1920 ikawa desturi: serikali ikibadilika Tokyo, magavana wanabadilika nchi nzima. Mwaka 1927 chini ya Waziri Mkuu Tanaka Giichi walipanguliwa wengi kwa mkupuo, na Februari 1928 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa Bunge ambao karibu kila mwanamume wa miaka 25 na zaidi aliruhusiwa kupiga kura. Polisi waliosimamia kampeni walikuwa chini ya magavana hao hao. Mwenyewe unaona.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Mwaka juzi kiongozi mmoja alitutembelea akaniuliza, mbele ya watu, ni kaya ngapi mtaani kwangu zinalala bila kula. Nilitaja namba ya kubuni. Mpaka leo namba ile inanisuta. Huyo gavana wa Okayama, baada ya kukosa jibu, alifanya nini? – Mwenyekiti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwenyekiti. Barua yako ndiyo iliyonifanya nifute makala niliyokuwa nimeiandaa.

Kila mwaka magavana wote waliitwa Tokyo kwa mkutano, na humo walifika mbele ya Mfalme. Tarehe 18 Mei 1916 ilikuwa zamu ya Mfalme Taishō, mtoto wa Meiji, kuwasalimia. Alipomfikia Kasai akamwuliza: watu maskini wa mkoa wako wanaishi vipi? Kasai alikuwa na takwimu za mpunga, za shule, za viwanda. Za maskini hakuwa nazo. Na hakubuni.

Alirudi nyumbani na swali hilo kifuani, akaagiza uchunguzi wa mkoa mzima. Maskini akampima kwa kitu kinachoshikika, yaani kodi ya nyumba anayolipa kwa mwezi, kwa sababu mtu anaweza kukuficha njaa yake lakini kodi yake mwenye nyumba anaijua. Majibu yalipokuja, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi alikuwa katika dhiki kubwa. Ujue Okayama haikuwa mahali pa kuonewa huruma. Ni nchi ya pichi na zabibu, ya matete ya kusukia mikeka, na pale Kurashiki kulikuwa na kampuni ya nyuzi za pamba tangu 1888. Gavana aliyepita na gari lake barabara kuu asingeona lolote.

Tarehe 12 Mei 1917, kabla mwaka haujatimia tangu aulizwe, alitangaza utaratibu alioupa jina *saisei komon*, maana yake washauri wa kuokoa maisha ya watu. Walikuwa wakazi wa mahali hapo hapo, watu wanaoheshimika, wasiolipwa hata senti. Kila mmoja alikabidhiwa eneo lake. Hawakutumwa kugawa sadaka. Walitumwa kujua nani anaanguka na kwa nini, kisha kumtafutia kazi, daktari, au mtu wa kumdhamini, kabla hajafika chini kabisa.

Utaratibu wa Kasai ulikuwa na upungufu mmoja: washauri wake walikuwa wenye mali, na mwenye mali hata akiwa na moyo mwema hakai uchochoroni. Dawa ya hilo ilitoka mkoa mwingine, na ililetwa na ghasia.

Julai 1918 bei ya mchele ilikuwa imepaa. Katika mji wa Uozu, mkoa wa Toyama, wake za wavuvi walikwenda ufukweni kuzuia mchele usipakiwe melini kwenda kuuzwa Hokkaido. Wanawake wale walitaka mchele ubaki mahali unapoliwa, basi. Habari zikaenea kama moto wa makumbi. Mwezi wa Agosti ghasia zilikuwa Kyoto, Nagoya, Osaka, Kobe, hata Okayama ya Kasai. Jeshi likatoka, na Septemba serikali ya Waziri Mkuu Terauchi ikaanguka.

Gavana wa Osaka wakati huo alikuwa Hayashi Ichizō, mtu wa Kumamoto aliyefiwa na baba mapema, akalelewa na mama katika ufukara. Vuli ile, moshi wa ghasia umeshatulia, alikuwa ameketi kwa kinyozi. Kwenye kioo kilichokuwa mbele yake akaona mlango wa duka nyuma, na nje ya mlango mwanamke na mtoto wake wakiuza magazeti ya jioni. Akamtazama yule mama kiooni mpaka nywele zikaisha kukatwa. Akatoka, akanunua gazeti, akamwuliza habari zake, kisha akamtuma askari wa kituo cha karibu aende nyumbani kwao akaangalie kulikoni. Jibu likaja: mume yuko kitandani, mgonjwa, watoto hawaendi shule kwa kuwa hawana vitabu. Hayashi alijiuliza ni mama wangapi wa namna ile wako Osaka ambao hawakutokea kwenye kioo cha gavana.

Kwa bahati alikuwa na mshauri wa kumtegemea, Ogawa Shigejirō, bingwa wa mambo ya magereza aliyekuwa ameletwa Osaka miaka ya nyuma na gavana aliyemtangulia. Ogawa aliujua mfano wa mji wa Elberfeld, Ujerumani, ambako tangu 1853 wakazi wa kujitolea walikuwa wakizitembelea kaya chache chache kila mmoja. Oktoba 1918 wawili hao wakaanzisha *hōmen iin*, wajumbe wa eneo. Eneo lilikuwa la shule ya msingi, yaani pale ambapo watoto wote wanatembea kwa miguu mpaka shule moja. Na wajumbe wake wengi hawakuwa matajiri. Walikuwa wenye maduka na watu wa hali ya kati, wanaosikia ugomvi wa jirani kupitia ukuta.

Nakuomba, mwenyekiti, uniruhusu nikae kidogo kwenye kazi yao, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Kila mjumbe alikuwa na kadi za kaya. Kadi iliandika nani anaishi humo, anafanya kazi gani, anaumwa nini, ana deni gani. Na walipoanza kujaza kadi hizo wakagundua jambo ambalo ofisi ya mkoa isingelijua kamwe: watu wengi hawakuwa kwenye daftari la serikali la ukoo, *koseki*. Wazazi hawakuwa wamefunga ndoa kisheria, au walihama kutoka kijijini bila karatasi, na watoto wakazaliwa bila kuandikwa. Mtoto asiyeandikwa hajulikani shuleni. Basi kazi kubwa ya wajumbe wale, mwaka baada ya mwaka, ilikuwa kupanga foleni ofisini kwa niaba ya wengine, kuandika barua kwa vijiji vya mbali, kutafuta cheti cha bibi wa mtu. Nimefundisha darasa la kwanza. Najua uzito wa mtoto aliyesimama mlangoni na mama yake hana cheti cha kuzaliwa.

Mpango huo ukaigwa mikoa mingine, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa umeenea karibu nchi nzima. Mwaka 1929 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada, lakini uchumi ulikuwa umeanguka na sheria ikakaa kabatini bila fedha. Waliopiga kelele walikuwa wajumbe hao wasiolipwa. Mwaka 1931 zaidi ya elfu moja kati yao walitia saini ombi kwa Mfalme. Sheria ikaanza kazi Januari 1932, na unajua fedha zilipatikana wapi? Walibadilisha sheria ya mbio za farasi, mapato yake yakasaidia kulisha wagonjwa na wazee.

Sasa nikwambie kwa nini nayajua haya. Niliishi Okayama miaka miwili nikisoma, nyumba ya ghorofa mbili karibu na mto Asahi, tramu ikipita mtaa wa pili. Chini yangu aliishi bibi mmoja mjane, na kila baada ya siku chache alikuja mzee mwenye kofia ya majani kumjulia hali. Kwanza nilidhani ni kaka yake. Siku moja ya Agosti, joto kama la kwenu Tanga, nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa bibi bila kubisha hodi. Alikuwa anayahesabu magazeti yaliyojaa kwenye kisanduku cha barua, kwa kidole, moja, mbili, tatu. Kisha akatazama juu kwenye kamba ya nguo. Hakukuwa na nguo. Ndipo akagonga, akaita jina, akagonga tena, na dakika chache baadaye tulikuwa ndani. Bibi alikuwa amelala sakafuni, ameishiwa nguvu kwa joto, lakini mzima.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, yule mzee alitoa kidaftari kilichofungwa kwa mpira akaandika mstari mmoja. Nilimwuliza anafanya kazi ofisi gani. Akasema alistaafu zamani, hii ni kazi ya mtaa, hailipwi. Wanaitwa *minsei iin* siku hizi, jina la *hōmen iin* lilibadilishwa mwaka 1946. Akaniambia siku yao ni tarehe 12 Mei. Sikuelewa wakati ule. Wapo zaidi ya laki mbili Japani nzima, muhula wao ni miaka mitatu, na tarehe hiyo ni ile ya Kasai.

Kwa hiyo, mwenyekiti, hiyo namba ya kubuni irekebishe. Chukua daftari, anza na nyumba zinazopeleka watoto shule moja, na usiulize "mmekula?" kwa maana hakuna mtu wa pwani atakayekujibu hapana. Uliza kodi. Tazama jiko lina majivu ya lini.

SWALI: Mwalimu, ninavyosoma, hao magavana walikuwa mkono wa serikali kuu. Mbona kuna habari za watu kufukuzwa na kunyang'anywa ardhi? Usituoneshe upande mmoja. – Mwanafunzi, Unguja

JIBU: Una haki kabisa, na nashukuru umeuliza. Mamlaka yale yale yaliyompa Kasai uwezo wa kuanzisha jambo jema kwa saini moja ndiyo yaliyovunja kijiji cha Yanaka.

Yanaka ilikuwa mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Juu ya mto Watarase kulikuwa na mgodi wa shaba wa Ashio, na sumu yake ilishuka na mafuriko ikaua samaki na mashamba. Mbunge wa huko, Tanaka Shōzō, alipiga kelele Bungeni miaka kumi, akajiuzulu, na tarehe 10 Desemba 1901 alikimbilia gari la Mfalme Meiji barabarani akiwa na barua mkononi. Walimkamata, wakamwachia. Serikali ikaona njia ya kutuliza mafuriko ni kuifanya Yanaka kuwa bonde la kuhifadhia maji. Gavana Shirani Takeshi akaupeleka mpango wa kuinunua mbele ya baraza la mkoa, na likaupitisha katika kikao cha siri, usiku, Desemba 1904. Mwaka 1906 jina la kijiji likafutwa. Waliokataa kuhama walibaki kaya 16, na kuanzia tarehe 29 Juni 1907 polisi na vibarua wakabomoa nyumba zao moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa, wenyewe wakitazama.

Tanaka alikuwa amehamia kuishi nao. Alipofariki Septemba 1913, ndani ya mfuko wake walikuta Agano Jipya, Katiba, madaftari yake ya kumbukumbu, na vijiwe vitatu vya mtoni.

Na Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, ilikuwa mbaya zaidi kwa namna nyingine, kwa sababu huko gavana hakuhamishwa. Narahara Shigeru, mtu wa Kagoshima, alitawala visiwa hivyo kuanzia 1892 hadi 1908, na watu walimwita mfalme wa Ryūkyū, jina la zamani la visiwa hivyo. Chini yake alifanya kazi kijana wa Kiokinawa, Jahana Noboru, mtoto wa wakulima aliyesomea kilimo Tokyo akahitimu mwaka 1891 na kurudi nyumbani kuwa afisa wa mkoa. Waligombana juu ya misitu ambayo wanavijiji walikata kuni na mbao tangu enzi, na ambayo sasa iligawiwa wakubwa. Jahana akaacha kazi mwaka 1898, akaenda Tokyo kudai watu wake wapewe haki ya kuchagua wabunge. Fedha zikaisha, marafiki wakasambaa. Mwaka 1901, kwenye kituo cha treni cha Kobe, akili yake iliondoka na haikurudi. Alikufa mwaka 1908, mwaka ule ule Narahara alipoondoka. Okinawa ilipiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1912.

Narahara alijenga barabara na shule, hilo ni kweli pia. Lakini mimi nikiulizwa nani alikuwa gavana wa moyo wa watu wa Okinawa miaka ile, nitamtaja yule aliyekuwa chini yake.

SWALI: Shikamoo. Utaratibu wa kuteuliwa uliisha lini? – Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Uliisha baada ya kushindwa vita. Tarehe 5 Aprili 1947 Wajapani, wanaume kwa wanawake, walipiga kura kuchagua magavana wao kwa mara ya kwanza, na mwisho wa mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani ikavunjwa. Hokkaido, mahali alipomalizia Kasai utumishi wake, watu walimchagua Tanaka Toshifumi, afisa wa ngazi ya chini wa mambo ya misitu, mwenye umri wa miaka 35.